Kwa Waigizaji Wanaopiga Kura ya Oscar: Tuzeni Kazi, Msituze Machungu

Kwa wanachama wa tawi la waigizaji,
Academy of Motion Picture Arts and Sciences,
Beverly Hills, California.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Nairobi, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayobishania tuzo zenu. Majina ya wateule yakitangazwa alfajiri huko kwenu, huku ni yapata saa kumi na nusu jioni. Watu wanaanza kutoka kazini, na ubishi unapanda nao matatu: huyu kaachwa, yule kabebwa, mwingine kapewa kwa kuonewa huruma. Najua pia kwamba angalau mmoja wenu anaweza kuisoma barua hii bila mkalimani. Mlimwalika Lupita Nyong'o ajiunge nanyi mwaka 2014, miezi michache baada ya kumkabidhi tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Siandiki kwa niaba yake wala hakunituma. Lakini sehemu kubwa ya barua hii inahusu kazi yake, kwa maana humo ndimo ninamoliona kwa uwazi zaidi jambo ninalowalaumu.

Lawama yangu ni kwamba mnapomchagua mwigizaji wa kike, na hasa akiwa mweusi, mnapima ukubwa wa mateso ambayo mwandishi amempa mhusika, kisha mnayahesabia kuwa ndiyo kazi ya mwigizaji. Mateso yako kwenye maandishi na mtu yeyote anaweza kuyaandika. Kazi ya mwigizaji ni kile anachokifanya kwa macho, kwa shingo, kwa pumzi, kwa mwendo, kwa sauti na kwa kunyamaza. Ninyi ni waigizaji. Mnalijua hilo kuliko wakosoaji, kuliko matajiri wa studio, kuliko sisi tunaobisha. Ndiyo maana naandika kwenu na si kwa Academy nzima: ninyi ndio mnaoandika majina matano ya kwanza. Wale wengine, wapiga sinema, wahariri, wabunifu wa mavazi, huja baadaye kuchagua mmoja katika watano mliokwisha kuwapa.

Nianze na tuzo mliyoitoa vizuri. Usiku wenu wa tarehe 2 Machi 2014, ambao kwetu ulikuwa Jumatatu asubuhi, Lupita alishinda kwa kumwigiza Patsey katika 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Alikuwa Mkenya wa kwanza kuishika sanamu ile, na furaha iliyolipuka hapa sitajaribu kuieleza. Sina ugomvi na tuzo hiyo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na sababu zilizotajwa. Kila aliyeizungumzia alitaja mijeledi: ile picha ndefu ambayo Patsey amefungwa kwenye nguzo na ngozi yake inachanika. Ni picha nzito na ilistahili kuwapo. Lakini pale kazi kubwa ni ya kamera, ya wapambaji na ya hadithi yenyewe. Mtazameni Lupita kabla ya hapo. Mtazameni akiwa ameketi peke yake anasuka vidoli kwa maganda ya mahindi, vidole vikienda polepole, uso ukiwa wa msichana ambaye kwa dakika chache amepata kitu kisicho cha bwana wake. Mtazameni anapoieleza ile sabuni, kwamba alikwenda kuiomba kwa jirani kwa sababu bibi mwenye shamba amemnyima hata ya kuogea. Anailinda sabuni ile kwa hasira na aibu kwa pamoja, na sauti inampanda na kumshuka bila yeye kuiamrisha. Hapo pana mwigizaji kazini. Kama mlimpa kura kwa ajili ya sabuni, basi tuko pamoja. Kama mlimpa kwa ajili ya mijeledi, mlipata jibu sahihi kwa hesabu isiyo sahihi, na hesabu hiyo ndiyo iliyowapoteza miaka sita baadaye.

Nazungumzia Us ya Jordan Peele, iliyotoka Machi 2019. Humo Lupita ni wanawake wawili. Wa kwanza ni Adelaide, mke na mama wa watoto wawili, anayerudi pwani ya Santa Cruz ambako alipatwa na tukio la kutisha utotoni. Wa pili ni Red, pacha wake wa chini ya ardhi, aliyevaa suti nyekundu na kushika mkasi, anayekuja kudai maisha aliyoporwa. Filamu nyingi zimempa mtu mmoja sehemu mbili, na mara nyingi tofauti huwa ni wigi na vazi. Hapa, hata mngewavika nguo za aina moja na kuzima sauti, mngejua nani ni nani kwa jinsi mgongo ulivyosimama. Adelaide ana mabega ya mtu anayesikiliza mlango muda wote. Red anatembea amenyooka kabisa, kichwa hakitikisiki, kama binti wa ikulu aliyefundishwa mwendo mahali pasipo na jua. Anapozungumza, maneno yanatoka yakikwaruza koo, kila neno limegharimu pumzi, na katikati ya sentensi hewa inamwishia, anaivuta tena, anaendelea. Ile hotuba yake sebuleni, mbele ya familia iliyoketi kwa hofu, ingeweza kuchekesha mikononi mwa mwigizaji mwingine. Yeye anaitoa taratibu, bila kupaza sauti hata mara moja, na chumba kizima kinamtii.

Halafu inakuja siri ya mwisho, na kwa kuwa miaka imepita nitaitaja: aliyekulia juu kama Adelaide ndiye aliyetoka chini, na Red ndiye mtoto halisi aliyekabwa koo na kuachwa gizani. Rudieni filamu mkijua hivyo. Ndani ya gari, mama anamfundisha mwanawe kupiga vidole kufuata muziki, na yeye mwenyewe haupati mdundo. Pale ufukweni, akiwa na rafiki wa familia, anasema kwamba kuzungumza tu humpa shida, na anavyolisema hilo tunadhani ni haya. Anapoua, koo lake linatoa mlio usio wa mwanamke tuliyekuwa tukimhurumia. Lupita alikuwa ameyapanda haya yote tangu mwanzo, mbele ya macho yetu, bila kutukonyeza. Alimwigiza mwanamke anayeigiza kuwa mwanamke, na alimwigiza kwa namna ambayo mtazamaji wa mara ya kwanza anaona mama mwenye hofu na mtazamaji wa mara ya pili anaona mkimbizi anayelinda alichoiba. Kisha akageuka, akavaa nyekundu, akaigiza upande wa pili wa mazungumzo yale yale akiwa ndiye aliyeibiwa. Katika miaka yote niliyotazama filamu, sijaona kazi nyingi za kuilinganisha nayo.

Wakosoaji wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule. Waigizaji wenzenu wa chama cha SAG walimteua. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haikuonekana. Januari 2020 mkaandika majina yenu matano: Cynthia Erivo, Scarlett Johansson, Saoirse Ronan, Charlize Theron na Renée Zellweger, ambaye alishinda kwa Judy. Lupita hakuwamo. Miongoni mwa wateule wote 20 wa uigizaji mwaka huo, mweusi alikuwa mmoja tu, Erivo, na alikuwa amemwigiza Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani. Erivo aliigiza vizuri na simpunguzii chochote. Lakini linganisheni wanawake hao wawili kisha mniambie kwa nini mlango ulifunguka palipokuwa na minyororo na ukafungwa palipokuwa na mkasi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Lupita alieleza kwamba sauti ya Red aliijenga baada ya kujifunza kuhusu maradhi halisi ya koo yanayobana sauti ya mtu, na wenye maradhi hayo walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho. Aliwaomba radhi hadharani. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na mwigizaji yeyote anayeazima mwili wa mgonjwa ana deni la kutafakari. Ila hilo haliwezi kuwa ndilo lililowazuia ninyi. Mlimtuza Daniel Day-Lewis kwa My Left Foot, mkamtuza Eddie Redmayne kwa kumwigiza Stephen Hawking, mkamtuza Julianne Moore kwa Still Alice. Kuigiza maradhi mmekuwa mkikulipa vizuri kwa miongo mingi.

Kilichowazuia, kwa maoni yangu, ni kwamba ile ilikuwa filamu ya kutisha, na katika filamu ya kutisha hofu ya mhusika haihesabiwi kuwa machungu ya heshima. Watangulizi wenu walimpa Ruth Gordon tuzo kwa Rosemary's Baby mwaka 1969, na Mia Farrow, aliyeibeba filamu nzima mabegani, hakuteuliwa kabisa. Kathy Bates alishinda mwaka 1991 kwa Misery, nami nashukuru. Lakini Toni Collette alifanya nini katika Hereditary kinachopungua chochote mlichokituza? Mama yule anapiga yowe la msiba akiwa sakafuni, na baadaye mezani anamwaga chuki aliyoificha kwa mwanawe, na uso wake unabadilika mara tatu ndani ya sentensi moja. Hamkumwandika. Florence Pugh mlimteua mwaka ule ule wa Us, kwa Little Women. Midsommar, ambamo alilia kilio ambacho wengi hatujakisahau, mliipita. Mlipomteua Demi Moore kwa The Substance mwaka 2025 nilipata matumaini, na bado ninayo.

Sasa msidhani naandika kwa kuwa Lupita ni wa kwetu, au kwa kuwa nataka kila tuzo iende kwa mwanamke mweusi au wa jamii iliyodhulumiwa. Mwaka 2024 kulikuwa na ubishi mkali kati ya Lily Gladstone wa Killers of the Flower Moon na Emma Stone wa Poor Things. Gladstone alikuwa mwanamke wa kwanza wa asili ya wenyeji wa Marekani kuteuliwa katika kipengele cha mwigizaji bora wa kike, na moyo wangu ulitaka ashinde. Utulivu wake katika filamu ile ni wa mtu anayejua zaidi ya wote waliomo chumbani. Hata hivyo, ningekuwa na kura ningempa Stone. Alianza na mwili wa mtoto mchanga ndani ya mtu mzima, magoti yasiyojua kukunjika, maneno mawili matatu, na akaukuza mwili huo na lugha yake hatua kwa hatua hadi tukapata daktari mtarajiwa mwenye akili kuwazidi waliomuumba. Hakuna hatua aliyoiruka. Niliumia kumwona Gladstone akikaa kitini, na ningeumia vilevile kama kazi ile ya Stone ingepitwa kwa ajili ya historia.

Mtaniuliza: kama sisi ni watu wa kutuza machungu, mbona tulimwacha Danielle Deadwyler wa Till? Hapo mmenipa ushahidi wangu mkubwa. Filamu ile ya Chinonye Chukwu inamhusu Mamie Till, mama wa Emmett, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Muongozaji aliamua kwamba mauaji yenyewe hatutayaona. Hakuna mijeledi. Uchungu wote umewekwa juu ya uso wa mwigizaji mmoja, na zaidi ya mahali pengine popote umewekwa katika ushahidi wake mahakamani, ambapo kamera inamkazia bila kukatwa huku mawakili wakimhoji kutoka pembeni. Deadwyler halii ovyo. Anapigana na kilio mbele ya watu wanaotamani kukiona, kwa sababu mama mweusi akivunjika pale watamwita mwongo, na asipovunjika watasema hana uchungu. Unaona kila hesabu ikipigwa kwenye taya na kwenye shingo. Ile ni kazi tupu, haijasaidiwa na damu. Mwaka 2023 hamkumwandika. Wala hamkumwandika Viola Davis, ambaye katika The Woman King alikuwa jenerali wa Dahomey mwenye mwili wa vita na jeraha la siri.

Mwaka huo huo mlimteua Andrea Riseborough kwa To Leslie, filamu iliyokuwa imeingiza chini ya dola 30,000. Marafiki zake mashuhuri waliitazama, wakapigiana simu, wakaiandikia sifa siku za mwisho za kura. Academy ikachunguza kampeni hiyo na kuuacha uteuzi usimame. Wengi hapa walimkasirikia Riseborough. Mimi sikumkasirikia. Aliigiza vizuri sana, na kwamba waigizaji walimtazama mwenzao na kumsemea ndilo jambo ninalolitaka. Kinachoniuma ni kuona upesi huo wa kupigiana simu haukumfikia Deadwyler.

Mwanamke mweusi aliyewahi kushinda tuzo kuu ya uigizaji, hadi sherehe ya 2025, ni Halle Berry peke yake, mwaka 2002. Wengine wengi wameshinda kama wasaidizi, tangu Hattie McDaniel mwaka 1940, aliyeipokea tuzo yake katika hoteli ambamo aliketishwa meza ya kando. Viola Davis alishinda tuzo ya Tony mwaka 2010 kama mwigizaji mkuu wa tamthilia ya Fences. Mwaka 2017 akashinda Oscar kwa mhusika yule yule, katika filamu ya Fences, akiwa "msaidizi". Najua studio ndiyo huomba kipengele kwa hesabu zake za ushindi. Lakini kanuni zenu zinawaachia ninyi uamuzi wa nani ni mkuu na nani ni msaidizi, kila mpiga kura kwa karatasi yake. Mwaka 2009 studio iliwaomba mmweke Kate Winslet wa The Reader katika wasaidizi, mkakataa, mkamweka katika wakuu, na akashinda. Kwa hiyo uwezo mnao na mmeshautumia. Ningependa kuona mkiutumia kwa ajili ya Viola Davis ajaye.

Nchi yangu ina sababu yake ya kulifuatilia hili. Meryl Streep aliteuliwa kwa Out of Africa, iliyopigwa hapa. Rachel Weisz alishinda mwaka 2006 kwa The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na kando ya Ziwa Turkana, na miongoni mwa vijana waliokuwa wakitumwa huku na huko kwenye utengenezaji wa filamu ile alikuwamo Lupita. Wanawake wa hapa walionekana nyuma ya mashujaa hao, wakibeba maji na watoto. Tangu wakati huo tumejitengenezea filamu zetu. Samantha Mugatsia alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la FESPACO mwaka 2019 kwa Rafiki. Tanzania iliwaletea Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji katika kipengele cha filamu za kimataifa. Lakini mwigizaji wa filamu kama hizo hawezi hata kufikiriwa katika vipengele vyenu vya uigizaji mpaka filamu yake ionyeshwe siku saba mfululizo katika sinema za kibiashara kwenye miji mnayoitaja ya Marekani. Sophia Loren alishinda kwa Kiitaliano na Marion Cotillard kwa Kifaransa, kwa hiyo lugha yenyewe si kizuizi. Kizuizi ni gharama ya ukumbi na msambazaji, na hilo lizungumzeni na wakubwa zenu wa Academy, maana mna sauti kwao kuliko sisi.

Mwezi Aprili 2025 Academy ilitangaza kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele kabla ya kuzitazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Ni kanuni nzuri iliyochelewa mno. Ila inamlinda aliyekwisha kuteuliwa. Haikuweza kumsaidia Lupita wala Collette wala Deadwyler, kwa sababu wao waliachwa mlangoni, kwenye kura yenu ya kwanza, ambayo haina sharti la namna hiyo. Us ilitoka Machi. Ninyi mliandika majina Januari, baada ya miezi mitatu ya karamu, mabango na maonyesho ya filamu za vuli. Kumbukumbu ya mtu ina mipaka yake.

Ombi langu basi ni dogo, na halihitaji kikao cha magavana wa Academy. Kabla ya kupeleka majina matano msimu ujao, kila mmoja wenu arudie filamu moja iliyotoka kati ya Januari na Juni ambayo mwigizaji wake wa kike alimshtua, hata kama ni ya kutisha, ya vita au ya kuchekesha, na hata kama hakuna aliyemtumia mwaliko wa chakula cha jioni kwa ajili yake. Aitazame dakika 20 akiwa amezima sauti, kisha dakika 20 amefumba macho akisikiliza tu. Halafu aandike jina lake mahali anapoona linastahili, katika wakuu au katika wasaidizi, bila kuisubiri studio imwambie.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu, Nairobi